Uvumilivu wa Nusu Mita

Mei 4

Tumerudi kutoka Nuanxi mchana huu, viatu vimejaa matope na gari linanuka soksi. Kazi ya mlimani imekwisha, sasa inaanza yangu ya kukaa kitini.

Juu ya kijiji cha Nuanxi kuna mteremko ambao miaka kumi iliyopita ulitobolewa handaki la zege la kuutoa maji, maana mteremko ule ukishiba maji huteremka. Mwaka huu, baada ya tetemeko la Machi, watu wakaona nyufa barabarani. Ofisi ya wilaya ikazifunga nyumba za safu ya juu, wenyewe wakahamia kwa ndugu zao kule chini, na kampuni yetu ikapewa kazi ya kusema warudi au wasirudi. Lu Cheng-en na droni yake ameupiga picha mteremko mzima. Mimi natengeneza wavu: naukatakata mlima ndani ya kompyuta kuwa vijumba vidogo vidogo, halafu programu inahesabu maji na uzito, kijumba kwa kijumba. Bosi Weng anaandika ripoti na kutia sahihi.

Jana tulipokuwa tunakula kwa Mama Pan, mwenye nyumba ya wageni, nilijaribu kumweleza haya. Mdogo wake, Tien-sheng, mmoja wa waliofungiwa nyumba, alikuwa kando anamenya machipukizi ya mianzi.

"Wavu?" akasema. "Mlimani huku unavua nini?"

"Navua maji, kaka."

"Haya, ukikamata kambare niite."

Nikawaambia kwamba kwenye handaki napanga matofali, safu kwa safu, kama ukuta, kwa sababu handaki limenyooka. Udongo haujanyooka, kwa hiyo huko najaza vijiwe vyenye nyuso za pembe tatu, vinavyoingia popote. Tabu iko pale vinapokutana, maana uso wa tofali una pembe nne.

"Sasa wa nne na wa tatu unawaunganishaje?" akauliza Mama Pan.

"Katikati naweka vipiramidi. Kitako pembe nne, ubavu pembe tatu."

"Kumbe mshenga! Anasema na huku, anasema na kule."

"Na mshenga akiwa mlevi?" akadakia Tien-sheng, tukacheka wote isipokuwa Lu. Lu hacheki. Anatafuna tambuu, anatema kwenye kikombe cha karatasi, na ananiita Mwalimu kwa sababu niliwahi kufundisha chuoni. Kumkuta ananisubiri garini kila asubuhi kumeniharibia safari nzima.

Mei 7

Mvua za plamu, zile ndefu za Mei na Juni, zimeingia. Wavu umekataa.

Mei 8

Umekataa tena. Mahali ni pale pale, kwenye mdomo wa handaki, pale matofali yanapotokeza nje na kukutana na uso wa mlima. Programu inasema kuna vijumba vyenye ujazo chini ya sifuri. Kijumba cha namna hiyo ni kama soksi iliyogeuzwa ndani nje: kipo, lakini huwezi kutia mguu.

Mei 10

Nimepunguza ukubwa wa vijiwe. Nimeongeza tabaka la vipiramidi. Nimefuta eneo lote la mdomo nikalijenga upya kwa mkono, uso kwa uso, mpaka macho yakaanza kuona pembetatu kwenye sahani ya wali. Programu ikaenda vizuri, ikaenda, ikafika mdomoni, ikafa.

Bosi Weng akapita na mfuko wa maandazi ya mvuke, akaniwekea mawili mezani. "Pole pole, Yi-chun. Mlima hauna haraka." Sijui kama kuna bosi mwingine Taichung nzima mwenye moyo huu.

Mei 13

Umekataa.

Mei 15

Leo Lu alikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Nachukia mtu kusimama nyuma ya kiti changu.

"Mwalimu, wanafunzi wako bado wanagoma?"

"Picha zako ndizo zinazogoma," nikamwambia. "Uso wa mlima ulioniletea haukutani na handaki. Upande mmoja zege limezama kwenye udongo, upande wa pili limeachana nao. Unaweza kupitisha mkono katikati."

"Picha zangu ni safi."

"Na michoro ya handaki ni safi. Imepigwa mhuri na mkandarasi aliyelijenga."

"Basi mchafu ni nani hapa?"

Nikamwambia aende akateme tambuu yake nje. Akaenda, lakini alichukua muda kuondoka, na mpaka sasa nasikia aibu kwa sauti niliyoitoa. Siyo aibu nyingi.

Mei 20

Tien-sheng amepiga simu ofisini, akaomba kuongea na "yule binti wa nyavu."

"Msimu wa machipukizi ndio huu," akasema. "Inabidi niyakate kabla jua halijayapiga, yakipigwa jua yanakuwa machungu. Mimi nalala kwa dada chini, napanda gizani kama mwizi wa shamba langu mwenyewe. Lini mtasema?"

"Karibuni, kaka."

"Karibuni ya kwenu mjini ni ndefu kiasi gani?"

Nilimwambia mwisho wa mwezi, kwa sababu ndivyo Bosi alivyoiahidi wilaya.

Mei 21

Umekataa.

Mei 22

Umekataa. Mume wangu ameniuliza kama bado nakaa naye au nimehama. Nilidhani anatania, nikacheka. Hakuwa anatania.

Mei 24

Nimejaribu programu nyingine kabisa, ya kuazima. Nayo imefia mdomoni. Ilinipa hata ramani nzuri yenye rangi, mlima wote kijani na pale mdomoni nukta nyekundu, kama kipele. Nilikaa nakitazama kipele kile mpaka mfagiaji akaja kuniomba ninyanyue miguu.

Naogopa kusema hapa ninachokifikiri: kwamba sijui tena kazi yangu.

Mei 28

Bosi Weng ameniita, akafunga mlango, akanimiminia chai. Hakugomba. Afadhali angegomba.

"Umeniambia vipande viwili vinapishana kiasi gani?"

"Kama kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole."

Akatabasamu, uso ukamfunguka. "Yi-chun, kisiwa chote hiki kinasogea. Michoro ya handaki ni ya vipimo vya ramani ya zamani. Baadaye serikali ikavirekebisha vipimo vyote, na tofauti ilikuwa kama hiyo, kiwiko hivi. Lu amepima kwa ramani mpya. Ni makaratasi tu. Vibane vikutane, uendelee."

Nilijisikia kama mtu aliyekuwa akihangaika kutafuta miwani huku ameivaa. Mpimaji yeyote anaijua tofauti hiyo. Wiki tatu nimepigana na makaratasi!

Mei 30

Wavu umekubali.

Programu ina kipimo kinachoitwa uvumilivu. Ni umbali ambao vifundo viwili vya wavu vikiwa karibu kuliko huo, inavihesabu kuwa kimoja na kuvivuta vikutane. Mimi kwa kawaida nauweka uvumilivu kwenye unene wa ukucha. Leo pale mdomoni nimeuweka nusu mita. Vifundo vikaruka, tofali na kijiwe wakashikana, mshenga akakaa mahali pake. Hakuna soksi hata moja iliyogeuka. Nilipiga kelele mpaka Lu akavua vipokea sauti masikioni.

Mahesabu yamekwenda mchana kutwa bila kukwama. Handaki linanyonya maji vizuri, maji ndani ya mlima yanashuka hata kwa mvua kubwa, mteremko unasimama na akiba ya kutosha ya usalama.

Juni 3

Ripoti imekwenda wilayani. Bosi ametupeleka kula. Lu alininyooshea kikombe bila neno, nikagonganisha naye bila neno.

Juni 7

Nyumba za juu zimefunguliwa. Mama Pan amepiga simu kusema safu nzima wanafagia na kuanika magodoro, na mvua inawanyeshea magodoro.

Juni 9

Sanduku limekuja kazini, machipukizi ya mianzi yamefungwa kwa majani mabichi. Juu yake kikaratasi: *Kambare wamekosekana, kula haya.* Nimeyapika na mbavu za nguruwe. Mume wangu amekula bakuli tatu, akasema nimerudi.

Juni 12

Mvua.

Juni 14

Mvua. Kazi mpya imekuja, mfereji wa kiwanda. Hakuna cha kuandika.

Juni 17

Nataka niandike mambo kwa mpangilio yalivyotokea.

Leo sikuwa na haraka, nikafungua wavu wa Nuanxi ili niuhifadhi. Ile nusu mita ilinikera, kama mshono uliokwenda kombo ndani ya nguo. Hakuna atakayeuona, lakini wewe unajua upo. Nikasema, kama ni ramani ya zamani na mpya, basi sina haja ya kubana. Bora nilisogeze handaki lote kwa pamoja, kiwiko kimoja kuelekea mtoni kule bondeni, na litakaa lenyewe bila kuvumiliwa.

Nikalisogeza. Mdomoni likakaa kama kifuniko kwenye chungu. Nilifurahi.

Halafu programu ikafa. Kwa juu safari hii.

Handaki lina visima vitatu vya ukaguzi, vyenye vifuniko vya zege vinavyoonekana kwenye picha za Lu. Kisima cha juu kabisa kimechimbwa kwenye mwamba. Kabla sijasogeza kitu, kisima hicho kilikuwa kimekaa sawasawa na picha. Sasa nilipolisogeza handaki, mdomo umepona na kisima cha juu kimeumia, kwa kiwiko kile kile. Nikarudisha. Cha juu kikapona, mdomo ukaumia.

Nikapima kimoja kimoja kwa mkono, bila programu. Cha juu: hakuna tofauti. Cha pili: upana wa kidole. Cha tatu: shibiri. Mdomo: kiwiko. Na zote zinaelekea upande mmoja, mtoni.

Ramani haikosei hivyo. Ramani ikikosea, inakosea kote kwa kiasi kimoja. Hakuna ramani inayokosea kidogo juu na kuzidi kukosea kadiri unavyoteremka.

Wavu haukuwa mbovu. Mchoro unaonyesha handaki lilipowekwa, na picha inaonyesha lilipo sasa. Mlima umeteremka ukaliburuta, na zege haliwezi kuburutwa hivyo bila kukatika. Maji yaliyokuwa yatoke nje yanamwagika ndani, katika tabaka la udongo ambalo mlima unateleza juu yake. Kwa wiki tatu kompyuta ilinionyesha mahali ambapo mlima umeachana na handaki, na mimi nilipaita kosa. Halafu nikapashona. Nikaliambia handaki lililokatika linyonye maji, likanyonya, tukaandika salama.

Watu wako kwenye nyumba zile. Magodoro yao yako kwenye nyumba zile.

Bosi yuko Taipei mkutanoni, simu yake haipokelewi.

Juni 18

Nilimwonyesha Lu, kwa sababu hakuwepo mwingine. Nilitarajia kejeli. Aliangalia namba nne zile, akaacha kutafuna.

"Kifuniko cha tatu," akasema. "Nilikaa juu yake nikala mkate wangu. Nilikaa juu yake, Dada Yi-chun, na sikuona kitu."

"Hakuna ambaye angeona kwa macho."

"Mimi nalipwa kuona." Akachukua ufunguo wa gari. "Unakuja au unabaki?"

Ni mara ya kwanza kuniita dada. Tunalala kwa Mama Pan.

Juni 19

Mvua haijapumzika tangu jana. Tulipanda asubuhi mpaka mdomo wa handaki. Kwenye hesabu zangu, kwa mvua hii, maji yangetoka kwa mkondo wa kumwangusha mtu. Tulikuta utepe mwembamba unaochuruzika ukutani.

"Mvua ya mwezi mzima," akasema Lu, "na handaki linakojoa kama paka."

Karibu na kisima cha tatu kuna bomba la kupimia mwendo wa ardhi. Kwenye taarifa za wilaya limeandikwa *limeziba kwa matope*, na tangu hapo hakuna aliyelipima. Lu akashusha kamera yake ndogo. Hakuna matope. Bomba lilikuwa jeupe, safi, mpaka mahali lilipopinda kama goti.

Tukateremka kwa Tien-sheng mbio. Alikuwa barazani anapanga machipukizi kwenye makapu.

"Ee! Umemkamata kambare?"

"Kaka, ondoka leo. Wewe na majirani zako wote."

"Kuna nini?"

"Mlima unatembea."

Akaitazama mianzi yake, akatutazama sisi, tulivyolowa. Akanyoosha kidole mlangoni. Barua ya wilaya ilikuwa imebandikwa pale, yenye maneno yetu: *hali ya mteremko ni salama kwa makazi.*

"Hiyo nayo?"

"Ina makosa."

"Ya nani?"

"Yangu."

Hakukasirika, hilo ndilo linaloniuma. "Basi binti, leta nyingine. Karatasi ilinirudisha, karatasi itanitoa. Nikiondoka kwa maneno ya barabarani, kesho hawa wa wilaya wataniambia nani alikutoa?"

Lu akamwambia kwa ukali kwamba mlima hausomi karatasi. "Hata mimi sikuusoma mlima," akajibu Tien-sheng. "Mlinisomea nyinyi."

Lu alipiga simu wilayani tukiwa njiani kurudi. Jibu lilikuwa lile lile: ripoti iliyopo inasema salama, leteni ya kuitengua, yenye sahihi.

Juni 20

Bosi Weng amerudi. Nilimweleza, nikamwonyesha goti la bomba, nikamwonyesha namba. Alizipitia kwa kalamu, moja moja, na nikaona wazi kwamba ameelewa. Alielewa upesi kuliko mimi.

Kisha akasema, "Tunahitaji uhakika. Mvua ikitulia, Lu arudi na droni, tupime upya."

"Mvua haitatulia."

"Kutengua ripoti si jambo la mchana mmoja. Kuna watu kumi na wawili katika ofisi hii wanaokula hapa."

"Na kule juu wanakula wangapi?"

"Usiniongeleshe hivyo, Yi-chun."

"Uliniambia ni makaratasi! Uliniambia vibane!"

"Nilikuambia. Na wewe ukabana." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Toka, tafadhali."

Nilitoka. Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili nisisikike. Mtu aliyekuwa akiniwekea maandazi mezani. Nilikuwa naona ni upole, kumbe siku zote alikuwa mtu asiyetaka kelele.

Juni 21

Mvua. Bosi hakuja kazini. Mimi na Lu tumeiandika barua ya kutengua, neno kwa neno. Pamebaki mahali pa sahihi. Nimempigia Tien-sheng, hakupokea. Nimempigia Mama Pan nikamwomba amteremshe mdogo wake hata kwa uongo, aseme anaumwa. "Mimi siumwi hata mafua," akasema, "hataniamini," lakini sauti yake haikuwa na mzaha.

Juni 22

Bosi Weng amekuja saa nne, shati halijapigwa pasi, matope kwenye magoti ya suruali. Nimekosea tena juu yake. Jana alikuwa ameendesha gari peke yake mpaka Nuanxi, akapanda hadi mdomoni, akaingiza mkono kati ya zege na udongo.

"Uliingia mpaka kiwiko?" nikamuuliza.

"Mpaka begani," akasema.

Alitia sahihi akiwa amesimama. Ameipeleka wilayani mwenyewe. Lakini siku mbili zimekwenda, na ni siku ambazo wingu halikuondoka juu ya milima.

Juni 23

Amri imetoka. Polisi wamepita nyumba kwa nyumba, safu ya juu imeteremshwa shuleni. Mama Pan akanipigia: "Wote wapo. Mpumbavu wangu hayupo. Polisi walipopita alijificha mianzini."

Nikampigia, nikampigia, mpaka akapokea. Nyuma yake mvua ilikuwa inaunguruma juu ya mabati.

"Kaka, karatasi imekuja. Ulisema ukiletewa karatasi utatoka."

"Imekuja. Mwanzo wa mwezi salama, mwisho wa mwezi hatari. Mlima umegeuka au nyinyi mmegeuka?"

"Sisi. Mlima haukuwahi kuwa salama."

"Na wiki ijayo mtageuka tena?"

"Hapana."

"Utajuaje?"

Nikaanza kulia, naye akanisikia. Akalainika, kama vile mimi ndiye wa kubembelezwa. "Usilie, binti wa nyavu. Nina makapu sita humu ndani, na kesho alfajiri nakata ya mwisho. Nikimaliza nateremka. Kabla ya mchana niko kwa dada. Haya?"

"Teremka sasa."

"Kabla ya mchana," akasema, akakata.

Juni 24

Niliondoka na Lu kulipokucha kwenda kumtoa wenyewe. Kwenye daraja la chini polisi wameweka kizuizi; mmoja wao, kijana mpole mwenye koti la mvua, akatuambia hakuna kupanda. Lu alishuka akamfokea. Nikashuka nami. Mama Pan alikuwa pale pia na mwavuli wa maua, ameshikilia simu sikioni, inaita tu.

Kwanza mianzi ilianza kutembea. Ilikuwa wima, haikuanguka, ilitembea tu kuteremka kama watu wanaotoka mkutanoni. Nilisikia Lu akisema "Hapana, hapana, hapana," kwa sauti ya kawaida kabisa. Halafu ndipo mlio ukaja, na niliusikia miguuni kabla ya masikioni. Mteremko wote ukakunjika katikati, pale pale kwenye goti la bomba, na safu ya juu ikaingia ndani ya mkunjo ule. Mapaa yalionekana, kisha hayakuonekana. Udongo ukafika barabara ya juu ukasimama. Nyumba za chini hazikuguswa hata dirisha.

Mama Pan hakupiga kelele. Aliendelea kuishikilia simu. Ilikuwa haiiti tena, naye hakuishusha.

Juni 25

Wanachimba. Hawajampata.

Juni 26

Wanachimba. Lu anachimba nao. Nilimwambia watu wa uokoaji wapo wa kutosha, akaniangalia kama hanijui.

Juni 27

Wamempata, njiani, chini kidogo ya nyumba yake. Alikuwa ameshaanza kuteremka. Makapu mawili mgongoni.

Julai 2

Wachunguzi wamekuja ofisini. Bosi Weng aliwaambia sahihi ni yake na agizo la kubana lilikuwa lake. Niliwaambia mkono ulikuwa wangu. Lu akasema picha zake zilikuwa safi tangu mwanzo, na akasema kwa namna iliyofanya mmoja wao asimamishe kalamu, maana alisema huku analia.

Julai 5

Jua. Magodoro ya mtaa mzima yako nje. Siwezi kuyatazama.

Julai 10

Nimekwenda Nuanxi peke yangu. Nilikaa garini nje ya nyumba ya wageni mpaka Mama Pan mwenyewe akatoka, akagonga kioo. "Utakaa humo mpaka uive? Ingia."

Alinikalisha jikoni. Picha ya Tien-sheng ilikuwa juu ya kabati na ubani mbele yake, amevaa suti isiyo yake. Niliinama mbele yake mara tatu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na hakuna hata moja lililokuja. Mama Pan akamimina chai, akaketi mbele yangu, viganja juu ya meza.

"Yule bwana wa wilaya ameniambia mambo mengi," akasema. "Vijumba, vipimo, sijui nini. Sikumwelewa. Wewe nieleze kama ulivyonieleza ile mara ya kwanza. Ulifanya nini?"

Nikanyoosha mikono yangu miwili juu ya meza yake. "Huu mchoro wa handaki. Huu mlima, kwa picha. Vilitakiwa vikutane hapa." Nikaleta ncha za vidole karibu, nikaacha mwanya. "Havikukutana. Nilihangaika wiki tatu, havikukutana. Mwisho nikavivuta." Nikaziunganisha.

Aliitazama mikono yangu kwa muda mrefu. Nje mtu alikuwa anaburuta kitu kizito cha bati.

"Kwa hiyo ulijua pale pana kitu."

"Sikujua, Mama. Niliona tu."

Aliishika mikono yangu, akaitenganisha taratibu mpaka mwanya ule ukarudi, akaacha yake katikati.